Bahari ya Lita 60

Jumamosi iliyopita, mbele ya wazee waliokuja kumposa binti yake, mwanamume mmoja wa Kayanga, wilayani Karagwe, alishuhudia bahari ikimtoroka sebuleni. Hayakutoka maji. Lilitoka povu, kwanza jeupe, kisha la kahawia, likipanda kwenye bomba la plastiki lililoning'inia nyuma ya tangi la samaki. Likajaza kikombe, likafurika, likateremka kabatini, likaipitia redio na kushika njia ya zulia kuelekea viatu vya mshenga.

Mshenga, mtu mzima wa Nkwenda, wilayani Kyerwa, alikuwa katikati ya hoja kuhusu ng'ombe. Aliliona povu likija. Hakunyanyua miguu, kwa sababu mtu aliyekuja kuomba mke hanyanyui miguu katika nyumba ya watu. Aliendelea kutaja idadi ya ng'ombe huku soksi zikilowa.

"Waitu," alisema mzee wa pembeni yake, pua ikimcheza, "hii rubisi ya ndizi mmeikamua lini?"

Kabla mwenye tangi hajapata jibu, mzee alishakichomoa kikombe. Ndani mlikuwa na kimiminika cha rangi ya chai ya rangi, na juu yake povu zito la kuaminika kabisa. Akakiinua hadi puani. Akanyamaza. Akakirudisha mezani kwa mikono miwili, taratibu, kama mtu anayerudisha mtoto asiye wake. Tangu hapo hakuna aliyegusa kinywaji chochote katika nyumba ile, hata soda zilizokuwa bado na vizibo, na mazungumzo ya mahari yakaahirishwa kwa maneno matamu mno.

Kilichokuwa kikombeni ni mavi ya samaki. Maelezo marefu zaidi yapo, na mwenye tangi alijaribu kuyatoa palepale, lakini wazee walikwisha anza kutafuta kofia zao.

Maelezo yenyewe yanastahili wasikilizaji bora. Mtambo ule wafugaji huuita skima. Pampu yake hupiga hewa na maji kwa pamoja mpaka yatoke mapovu madogo sana, maelfu kwa maelfu. Uchafu mwingi wa samaki na mabaki ya chakula ni molekuli zenye ncha mbili, moja inayopenda maji na nyingine inayoyakimbia. Ncha inayoyakimbia hujichomeka kwenye hewa ya povu, na molekuli nzima ikapanda nalo. Juu, mapovu hubanana, maji safi huchuruzika kurudi chini, na uchafu husukumwa hadi kikombeni. Uzuri wa kazi hii ni kwamba uchafu hutolewa kabla haujaoza. Na ajabu yake ni kwamba huwezi kuifanya vizuri kwa maji baridi ya ziwa au mto: humo mapovu huungana haraka yakawa makubwa na kupasuka, ilhali kwenye maji ya chumvi hubaki madogo. Skima inahitaji bahari.

Sasa, sabuni nayo ni molekuli yenye ncha mbili. Mpwa wa mwenye nyumba, aliyeamka alfajiri kupendezesha sebule kwa ajili ya wageni, aliusugua ukuta wa ndani wa tangi kwa sifongo ya kuoshea vyombo. Skima ikapokea sabuni na kufanya kazi iliyoundiwa, kwa bidii ambayo haijawahi kuonekana Karagwe.

Atauliza mtu: bahari inatafuta nini Kayanga, kwenye milima, zaidi ya kilomita elfu moja za barabara kutoka pwani? Lakini Karagwe ilizoea vitu vya bahari zamani. Wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili walipandisha kauri na shanga kupitia Tabora hadi kituo chao cha Kafuro, zama za Mukama Rumanyika, yule mfalme aliyewapokea wapelelezi Speke na Grant mwaka 1861. Tofauti ni kwamba kauri haihitaji pampu. Wapangaji wa tangi hili wanaihitaji: samaki wawili weusi wenye nyuso za rangi ya chungwa na mikanda miwili myeupe, *Amphiprion allardi*, wa miamba ya pwani ya Afrika Mashariki, waliopanda basi ndani ya mfuko wa nailoni uliojazwa oksijeni.

Samaki hutoa amonia, sehemu kubwa kupitia mashavu yake. Amonia huua, na kwenye maji ya bahari, ambayo pH yake hukaribia 8.2, kiasi kilekile cha amonia ni sumu kali kuliko kwenye maji ya mto. Anayeokoa jahazi ni bakteria. Kundi moja huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Kundi la pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia kwa muda. Mrusi Sergei Winogradsky aliwatenga bakteria hawa karibu mwaka 1890, na tangu hapo hakuna kisingizio: kazi kubwa ya kichujio ni kuwapa viumbe hao nyumba yenye oksijeni. Kudaka takataka ni kazi ya ziada. Nyumba hiyo huchukua wiki nne hadi sita kujaa wapangaji, na katika wiki hizo muuza samaki atakuhakikishia kwamba tangi liko tayari.

Mwenye tangi alishauriwa na kila mtu. Wa pwani walimpendekezea kichujio cha kopo, kile kinachofungwa kabatini na kunyonya maji kwa mipira. Kina nafasi kubwa ya bakteria na hakipigi kelele. Lakini kopo lile limefungwa. Umeme ukikatika, maji yaliyomo husimama, bakteria wakamaliza oksijeni na kuanza kufa; umeme ukirudi, pampu huwasukuma marehemu wote tangini kwa mkupuo. Maelekezo ya kwenye boksi hayagusi habari hiyo. Yameandikwa kwa ajili ya mji ambao umeme haukatiki, na ile kasi ya maji inayotajwa kwenye boksi aghalabu hupimwa pampu ikiwa haijawekewa sifongo wala kitu chochote ndani.

Alikinunua. Umeme ulikatika.

Kuna hesabu nyingine ambayo boksi haliijui. Kayanga iko juu ya mita 1,500, na huko kanieneo ya hewa ni pungufu kwa takribani moja ya sita kuliko Tanga au Mombasa. Hewa haba, oksijeni haba majini. Juu ya hapo, maji ya chumvi hubeba oksijeni pungufu ya yale ya mvua, kama moja ya tano hivi. Baridi ya Karagwe ingesaidia, maana maji ya baridi hushika oksijeni zaidi, ila samaki wa miamba anataka nyuzi 25 au 26, kwa hiyo baridi hiyo inafukuzwa kwa kipasha maji, na kipasha maji nacho kinakula umeme. Kipasha cha kwanza kilipasuka kwa kuachwa kikiwaka nje ya maji. Konokono walikufa kwa maji ya mvua yaliyotoka kwenye bati jipya, lenye zinki. Pampu ya hewa iliyowekwa sakafuni, chini ya usawa wa maji, iligeuka bomba umeme ulipokatika na kumwaga lita kadhaa chini ya kochi.

Waliofanya mambo rahisi walifanikiwa zamani. Mwaka 1961 Lee Chin Eng wa Jakarta alieleza jinsi alivyofuga viumbe wa bahari kwa mawe yaliyotolewa baharini yakiwa hai, maji ya bahari na mapovu ya hewa, basi. Bakteria waliishi ndani ya mawe. Kinyozi mmoja wa Nkwenda, ambaye hajapata kusikia jina hilo, anafuga sato wadogo kwa sifongo na pampu ya hewa inayotumia betri ya sola ileile ya mashine za kunyolea. Pampu yake haijui kama umeme umekatika.

Hapa kicheko kinaingia shubiri. Mto Kagera, unaoizunguka Kyerwa kwenye mipaka yake na Rwanda na Uganda, humwaga maji Ziwa Victoria, na ziwa hilo lilikuwa na aina zaidi ya 500 za samaki wadogo waitwao furu. Wakoloni walipandikiza sangara miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Miaka ya 1980 sangara akalipuka kwa wingi, na watafiti wakakadiria kwamba aina kama 200 za furu zilitoweka. Baadhi ya wasioonekana tena ziwani wanaishi Ulaya na Marekani, kwenye matangi yenye vichujio viwili viwili na jenereta ya akiba. Furu wa huko ana kipimajoto na daktari. Mtoto wa Kagera akitaka kumwona furu aliyevuliwa na babu yake, aanze na foleni ya viza. Na anayejaribu kufuga samaki wa bahari yake mwenyewe anauziwa bahari hiyo ikiwa unga ndani ya ndoo, uliochanganywa ng'ambo, kwa sababu chumvi ya mezani, hata ile nzuri ya Uvinza, haina magnesi na kalsi za kutosha.

Unga huo unahitajika sasa hivi. Baada ya sabuni ilibidi maji yote yabadilishwe, gramu 35 kwa kila lita, zaidi ya kilo mbili kwa tangi zima, na ndoo ikabaki tupu. Samaki wako hai. Wanapumua kwa msaada wa sifongo mbili na pampu ya sola, iliyonunuliwa kwa maelekezo ya kinyozi, na skima imekaushwa na kuwekwa juu ya kabati. Ndoo mpya imeshafika Omurushaka kwa basi. Karani wa mizigo alifungua mfuniko, akatazama, akaandika "mbolea" kwenye stakabadhi na kutoza nauli ya mbolea. Mwenye mzigo alilipa bila kubisha; mshenga alikuwa nyuma yake kwenye foleni.