Wajukuu wa Kerithi

Kunguru wa Feri, pale Dar es Salaam panaposhushwa samaki, wana kanisa lao juu ya mwarobaini, na kila mwaka huadhimisha sikukuu ya Kerithi. Siku hiyo husimuliwa jinsi mababu zao walivyompelekea nabii Elia mkate na nyama kwenye kijito cha Kerithi, asubuhi na jioni, mvua ilipogoma katika Israeli. Vifua hutuna. Hakuna anayetaja kwamba ukoo wao hasa uliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890, na kazi uliyoitiwa ilikuwa kula taka. Ukoo mtukufu hauulizwi cheti cha kuzaliwa.

Chini ya bati la banda la wakaanga samaki aliishi Mama Shomoro, mjane, na makinda matatu. Mayai yalikuwa manne. La nne lilikwenda wapi, kawaulizeni wazee wa kanisa, mimi simo.

Mwezi mmoja mshipi wa mvuvi ulimnasa mguu. Uzi wa nailoni ulijiviringa juu ya kucha, ukazama kwenye ngozi hadi mguu ukavimba, na ncha iliyoning'inia ikawa inakwama kwenye kila msumari. Kupaa hakuweza tena. Alfajiri, kabla moto haujawashwa, alishuka kwa kurukaruka juu ya makreti, akaokota makombo chini ya makarai. Sala yake ilikuwa fupi: "Baba, ya leo." Kisha huyo, kazini.

Habari zikamfikia Mtumishi Kunguru. Akaja na wazee wawili.

"Bwana asifiwe, Mama."

"Amina, Mtumishi. Karibuni, ingawa pa kukalia hapapo."

"Tumesikia unahangaika mno. Mahangaiko ni dalili ya imani haba. Hebu watazame ndege! Hawalimi, hawana ghala, na bado Mungu anawalisha."

Mama Shomoro akatazama kulia, akatazama kushoto. Ndege aliowaona ni hao wageni wake watatu, mmoja wao amekanyaga nusu chapati.

"Ghala kweli hatuna, Mtumishi. Lakini hata anayelishwa hutoka kiotani."

"Imani, Mama! Imani!"

"Sokoni kwao Yesu shomoro wawili waliuzwa senti moja, na kwa senti mbili unapata watano. Mimi najihesabu kuwa yule wa tano, wa nyongeza, na hata huyo hakusahauliwa. Kwa Mungu sina wasiwasi. Wasiwasi wangu ni hiyo chapati."

Wazee wakatazamana. Chapati ilikuwa na historia. Kijana mmoja wa kwaya aliiokota asubuhi ya juzi, ikiwa nzima bado na mafuta yake, akasikia moyoni sauti ikimwambia aipeleke kwa Mama Shomoro. Kwa bahati mbaya alikuwa kijana mwenye nidhamu, akaripoti kwanza kwa wazee. Sauti ikapelekwa Idara ya Diakonia. Idara ikataka kujua kama mama huyo ni mshirika hai, kama ahadi yake ya ujenzi ameimaliza, na kama akipewa yeye, shomoro wengine watasemaje. Ikaundwa kamati ndogo. Posho ya kikao cha kwanza ikakatwa kwenye chapati yenyewe, ndiyo maana ikabaki nusu.

"Tutakuombea," akasema Mtumishi, wakaondoka nayo.

Wakaihifadhi kwenye mfereji wa bati, ikisubiri muhtasari usainiwe. Wale Waisraeli walioilaza mana hadi asubuhi wangeweza kuwaeleza mwisho wake. Kikao cha tatu kilikuta funza.

Popo wa dari ileile hakuwa mshirika wa kanisa lolote. Ibada ya asubuhi humkuta ndio kwanza amelala, tena kichwa chini, mkao ambao wazee walikwisha kuutolea tamko. Yeye hakusikia sauti yoyote moyoni. Alisikia makinda yanalia mchana kutwa, wala hakupata lepe la usingizi. Usiku akazunguka taa za barabarani, akarudi na nondo wanono. Makinda ya shomoro huanza na wadudu laini, nafaka baadaye. Usiku uliofuata akaleta tena. Nondo waliobaki Mama Shomoro hakuwaficha, alimwita mjusi wa ukutani aje amalizane nao. Mwisho Popo akauinamia ule mguu, akautafuna uzi kidogo kidogo, akitema vipande na kuwalaani wavuvi wote wa Bahari ya Hindi.

"Ulipokuwa unakuja, jirani, nilikuwa naomba," akasema Mama Shomoro. "Mungu amekutuma."

"Mimi nataka kulala tu, Mama."

Jumapili Mama Shomoro akapaa hadi mwarobaini kutoa ushuhuda. Vigelegele! Mtumishi akawaambia waumini watazame matunda ya maombi ya kamati. Ila alipotajwa Popo, matawi yote yakanyamaza.

"Popo ni najisi," akanguruma mzee mmoja. "Imeandikwa! Walawi 11!"

Bundi, aliyekuwa akisinzia tawi la nyuma baada ya mkesha, akaomba sura hiyo isomwe, na isikatwe katikati. Kijana wa kwaya akasoma orodha ya ndege wachafu. Popo alikuwamo, mstari wa 19. Bundi mwenyewe alikuwamo, wala hakushangaa. Na juu yao wote wawili, mstari wa 15, walikuwamo kunguru, kila mmoja kwa aina yake.

Kijana akainua macho. "Kumbe hata waliotumwa Kerithi?"

Mtumishi akashukuru kwa somo zuri, akaiomba kwaya iimbe, na Mhazini akapitisha kapu kwa sadaka ya shukrani ya Mama Shomoro. Nondo wangepokelewa, akafafanua, alimradi asitajwe aliyewakamata.