Mto Wenye Masharti

Shangazi,

Huku Hamburg sijambo, baridi tu. Uliuliza kama nalala vizuri. Nalala, lakini kwanza sharti niusome mto.

Usicheke. Mto wa huku kwa kawaida umeshonewa lebo ubavuni yenye michoro kama hirizi ya mganga: beseni lenye namba, pembetatu iliyopigwa mkasi (jiki marufuku), mraba wenye duara na nukta moja, yaani ukaushwe kwa joto dogo.

Wenyeji wanapenda mito ya manyoya ya bata. Inafuliwa kwa mashine, miwili kwa pamoja ili mashine isiyumbe, sabuni kiduchu, maji ya kusuuzia mengi. Kisha, wallahi sikutanii, kwenye mashine ya kukaushia wanatumbukiza mipira ya tenisi! Mipira inautwanga mto ili manyoya yasigandamane. Ukisikia kishindo ghorofa ya juu unadhani mtu na mkewe wamekosana, kumbe mama wa watu anakausha mto. Saa nne usiku kipigo kikome. Ni saa za utulivu.

Wewe ungeutoa uani, fimbo mbili tatu, jua likamaliza kazi. Jua la Novemba la hapa halikaushi hata leso. Hata hivyo wananing'iniza mito dirishani asubuhi ipate hewa, na hilo nawasifu.

Foronya zinafuliwa kwa nyuzijoto 60, zinazoua utitiri wa vumbi, vijidudu visivyoonekana vinavyokula magamba ya ngozi yetu. Samahani kama unasoma ukiwa umejilaza.

Mdekaji hasa ni mto wangu, wa sponji ile inayobonyea polepole, iliyobuniwa Marekani mwaka 1966 katika kazi ya NASA ya viti vya ndege. Mashine hautaki, utameguka. Jua kali hautaki. Unataka kupanguswa doa kwa kitambaa chenye unyevu, basi. Bei yake sikutajii. Utaniuliza kwa nini pesa hiyo haikununua mabati ya jikoni. Mto wako wa usufi hauna makuu: hauloweshwi, unafumuliwa, usufi unachambuliwa, unaanikwa, unashonwa.

Zile foronya za "Lala Salama" ulizonidarizia hazitoshi. Mito ya huku kwa kawaida ni ya mraba, sentimita 80 kwa 80. Ukipata msafiri wa kumpa, shona pana, na maua usiyabanie: jirani wa ghorofa ya juu naye ameagiza mbili.