Jinsi ya Kutembea kwa Miguu Kutoka Jinja Hadi Nyero

Jiandae kwanza kwa waendesha bodaboda. Njia hii haina vibao wala lango la kukatia tiketi, ila ina vijana wenye pikipiki ambao hawajapata kumwona mtu mzima mwenye nauli akitembea siku nzima kwa hiari yake. Wa kwanza atadhani umeibiwa. Wa pili atadhani umegombana na mkeo. Ukimwambia wa tatu kwamba unatembea kwa kupenda, atapunguza bei. Msalimie vizuri, mwulize njia ya kupita mashambani, uendelee. Hakuna anayezijua njia hizo kuliko yeye.

Huko Italia watu hupanda ndege kwenda kupita katika njia ambazo Waetruski wa kale walizichonga ndani ya mwamba karibu na Pitigliano. Sisi hapa Uganda tunao mwamba wa kwetu wenye michoro, Nyero, tunaupita kwa basi tukiwa usingizini.

Anzia Jinja, penye maporomoko usiyoweza kuyaona. Mpelelezi Mwingereza Speke alifika hapo tarehe 28 Julai 1862, akayaita Ripon, ingawa Wasoga walikuwa na jina lao la mto, Kiyira, muda mrefu kabla yake. Bwawa la Owen Falls, lililozinduliwa 1954, likayazamisha. Yale ya Bujagali, maskani ya mzimu wa mto, yalizamishwa na bwawa jingine lililozinduliwa 2012. Kwa hiyo usiharakishe kupiga picha. Tafuta mzee wa pale, keti, mwache asimulie maji yalivyokuwa yakinguruma.

Ukishapita Iganga, pale Nakalama, acha malori yaende zake mpakani Malaba. Wewe pinda kushoto, ushike barabara ya Tirinyi. Kwenye bonde la Mpologoma utaona mpunga pande zote. Ukikaribishwa chakula, kula. Kukataa ni utovu wa adabu, na Mbale bado ni mbali.

Budaka usiipite kichwa chini. Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda, alijenga ngome hapo kabla ya kuhamia upande wa Mbale. Mwaka 1919 akashika dini ya Kiyahudi, na waumini aliowaacha wangali wanasali Nabugoye, nje kidogo ya mji wa Mbale.

Mbale kaa usiku zaidi ya mmoja. Agiza malewa, yale machipukizi ya mianzi ya mlimani yaliyokaushwa kwa moshi na kuungwa kwa karanga, na usiseme umeshiba kabla hujaonja. Ukifika Agosti ya mwaka unaogawanyika kwa mbili, utakuta tohara ya Imbalu imefunguliwa pale Mutoto, na barabara ni mali ya vijana wanaokwenda kutahiriwa. Pisha. Ngoma ya kadodi ikilia, cheza. Kamera ikae mfukoni mpaka uruhusiwe.

Kutoka hapo elekea kaskazini, Kumi, hadi miamba ya Nyero. Lipa kiingilio, ufuatane na mwongozaji wa hapo. Michoro iliyo kwenye miamba hiyo ilikuwepo kabla Wateso hawajafika: miduara myekundu ndani ya miduara, na maumbo marefu ambayo wengi huyaona kama mitumbwi. Usiiguse, usiimwagie maji ili ing'ae kwenye picha, na jina lako libaki kwenye kitabu cha wageni. Kisha nenda pango la tatu, chini ya jabali lililokalia mengine. Miduara ya huko ni myeupe, na iko juu yako. Inama uingie, jilaze chali, utazame bila haraka.