Wakurugenzi Wanne na Mfanyakazi Mmoja

Tangu iHub, kituo cha wabunifu wa teknolojia, ifungue milango yake kwenye Barabara ya Ngong, Nairobi, mwaka 2010, jiji halijakosa kampuni changa za teknolojia zenye watu watano, wanne kati yao wakurugenzi. Huyo wa tano ndiye anayeandika programu.

Ndiye pia anayepokea simu za wateja, anayebadilisha chupa ya maji na kumtuliza mwenye jengo kuhusu kodi. Mshahara wake uko njiani. Kwa sasa amepewa hisa, ambazo mama mboga bado hajakubali kuzipokea. Bosi wake hayupo. Yuko kwenye shindano la wabunifu, akiwa na slaidi 40 kuhusu bidhaa isiyofunguka kwenye simu ya mtu yeyote, hata yake.

Haki isemwe: wapo waliofanya kazi. Programu ya Ushahidi ilizaliwa mwaka 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi wa Kenya. Watu wachache wa kujitolea waliweka hewani, ndani ya siku chache tu, ramani ya kupokea taarifa za wananchi. Mwaka 2010 ikatumika Haiti baada ya tetemeko la ardhi.

Kijana unayeitwa kujiunga na "familia" ya wakurugenzi wanne, kabla ya kusaini uliza: mshahara wa mwezi uliopita ulilipwa tarehe ngapi?