Sweta Yaenda Lamu

Fungua begi la mtu wa Machakos anayekwenda kisiwani msimu wa mvua, nawe utaijua hali ya hewa ya Machakos bila kumuuliza mtu. Juu kabisa kuna sweta, maana usiku huwa na baridi. Chini yake suruali mbili za jinzi, maana jinzi haionyeshi vumbi upesi. Kuna gambuti, maana mvua ni matope, na viatu vyeusi vya ngozi vya Jumapili. Kwenye mfuko wa pembeni kuna kilo mbili za ndengu, maana hakuna ajuaye watu wa huko hula nini. Kila kitu kina sababu yake, na kila sababu ni ya kweli, ila ukweli wake unaishia njia panda ya kuingia barabara ya Mombasa. Dai langu ni kwamba msafiri hapakii mahitaji ya anakokwenda. Hupakia hofu za anakotoka. Ndiyo maana sweta iliyozaliwa kupambana na Julai ya vilima vya Iveti hujikuta ndani ya mashua ya kutoka Mokowe, imekunjwa vizuri, inakwenda kuiona Lamu.

Tuanze na jinzi, kwa kuwa ndiyo mshtakiwa mkuu. Mji wa Machakos uko kama mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na kwa miezi mingi hewa yake ni kavu, hata jinzi iliyoanikwa asubuhi huvaliwa jioni. Hapa kwetu hatujawahi kuumiza kichwa kuhusu kukauka. Kinachotuumiza kichwa ni maji ya kufulia yatatoka wapi. Lamu mwezi wa Mei, ambao ndio wenye mvua nyingi zaidi kule, hesabu inageuka juu chini. Maji ni bwerere, yanaanguka bila kuombwa, lakini nguo haikauki kwa sababu hewa yenyewe imeshiba unyevu. Ukiitundika jinzi mbele ya hewa ya namna hiyo, ni kama kumkaribisha chakula mgeni aliyekwisha kula nyumba tatu: atakushukuru sana, lakini hatagusa. Siku ya kwanza jinzi ina maji, siku ya pili ina unyevu, siku ya tatu ina harufu. Viatu vya ngozi navyo huota ukungu mweupe kama vimepakwa unga wa ngano. Hata chumvi hugandamana chupani, na wenyeji, kwa kulijua hilo, huichanganya na punje chache za mchele. Mahali ambapo chumvi yenyewe huhitaji msaada ili ibaki kavu, suruali nzito ya pamba itajitetea vipi?

Gambuti zinasikitisha zaidi, kwa kuwa zilipakiwa kwa busara. Ule udongo mweusi wa nyanda za Athi River, ukinyeshewa, hukamata kiatu na kukuacha uendelee na safari peke yako. Lakini Lamu chini ni mchanga. Mvua inapiga, maji yanazama au yanapita njia yake kuelekea baharini. Anayevaa gambuti katika joto lile huwa amebeba ndoo mbili ndogo miguuni, na maji yaliyomo ni jasho lake mwenyewe. Koti la mvua la plastiki lina dosari hiyohiyo: linazuia mvua isiingie, na linazuia jasho la mwenye koti lisitoke. Mwavuli nao hupinduliwa na upepo wa kusi. Kuhusu sanduku la magurudumu sina mengi. Vichochoro vya Mji Mkongwe wa Lamu, uliomo katika orodha ya UNESCO tangu 2001, vilijengwa kwa ajili ya watu na punda. Sanduku lenye magurudumu mazuri humaliza safari juu ya kichwa cha mchukuzi.

Kuna watakaosema dawa ni kufunga kila kitu ndani ya juala. Majuala yalipigwa marufuku Kenya tarehe 28 Agosti 2017, na Zanzibar ilitutangulia mwaka 2006. Na hata yangekuwepo, kufunga nguo yenye unyevu ndani ya juala ni kuuandalia ukungu chumba cha peke yake.

Wazee wetu walilielewa jambo hili la kupakia kuliko sisi. Misafara ya Wakamba katika karne ya 19 ilishuka Mombasa, ambayo nayo ni kisiwa ingawa siku hizi watu huvuka Makupa wakidhani ni barabara tu, ikiwa imebeba pembe za ndovu, na ikarudi na nguo, shanga na waya. Yaani nguo zilitoka pwani kuja bara. Sisi tunazipeleka. Wala kosa hili si letu peke yetu. Mmisionari Krapf, aliyetoka pwani kwenye unyevu, alipokwama kuelekea mto Tana mwaka 1851 baada ya mwenyeji wake, Kivoi wa Kitui, kuuawa, alikuwa na darubini lakini hakuwa na chombo cha kutosha cha maji. Ikambidi ateke maji kwa mkoba wa darubini na mitutu ya bunduki yake.

Kwa hiyo nasema begi liende karibu tupu, nguo zinunuliwe pwani. Najua pingamizi la kwanza ni pesa. Lakini jozi moja ya leso kutoka Biashara Street, Mombasa, ni taulo, shuka, nguo ya heshima katika mji wa Waislamu, na ikibidi mfuko wa sokoni, na kwa kuwa ni pamba nyepesi, ina matumaini ya kukauka. Mwanamume achukue kikoi. Atasema ataaibika akikutana na mtu wa nyumbani. Mtu huyo wa nyumbani atakuwa amevaa jinzi iliyoloa, kwa hiyo aibu ina mwenyewe. Pingamizi la pili ni zito: mgeni haendi mikono mitupu. Kweli. Basi abebe asali ya Ukambani kwenye chupa iliyofungwa vizuri, aziache ndengu, ambazo kule huitwa pojo na zimejaa madukani. Dawa zake pia abebe, hapo sibishani.

Pingamizi la picha silijibu, maana anayetaka kupigwa picha kwa nguo tofauti kila siku hatafuti hoja, anatafuta begi kubwa zaidi. Na sweta? Itarudi salama, haikuvaliwa hata mara moja. Itafika Machakos Julai inapoanza, siku ile ile inayohitajika, ikinuka Lamu.