Kitunguu Chenye Pembe Tatu

Mama mkwe hakucheka. Angecheka ningepona. Alijifunga kanga vizuri kiunoni, akachuchumaa kando ya tuta nililokuwa nikimsimulia tangu aliposhuka kwenye bajaji, akachuma kitunguu changu kimoja, akakishika shina kwa dole gumba na kidole cha shahada, akajaribu kukiviringisha. Hakikuviringika. Akanusa. Akakilaza chini taratibu.

"Mkwe," akasema, kwa ile sauti ya chini ya mtu anayechunga heshima, "hii ndago unaimwagilia kila siku?"

"Asubuhi na jioni, mama," nikajibu. Jibu lilitoka kabla swali halijanifikia vizuri.

Binti yangu akauliza ndago ni nini. Mke wangu akakimbilia jikoni kuangalia wali ambao hakuwa ameuinjika.

Mama mkwe ni mzaliwa wa Lushoto, huko ambako kabichi na karoti hupakiwa kwenye malori kuja kuilisha Dar es Salaam, kwa hiyo tuta halimdanganyi. Akanionyesha pale pale: jani la kitunguu ni la mviringo, lina uwazi ndani, nalo ukilifikicha linanuka kitunguu. Shina la ndago lina pembe tatu, ndiyo maana halikubali kuviringika vidoleni. Nikamshukuru. Lakini naomba nitoe utetezi kwa niaba yetu sote tusiozaliwa milimani. Kitunguu kichanga na ndago changa, ukivitazama umesimama na ndoo mkononi, vyote ni ujani mwembamba uliosimama wima. Tena mbegu ya kitunguu ni goigoi. Hukaa chini wiki nzima na zaidi, kisha hutokeza kijani kimoja kilichojikunja, na kwa joto la Mbagala hata hicho kinasitasita. Ndago haina simile. Ilikuta mistari niliyoichora kwa kamba ina maji, ikapanda mstarini kwa adabu kuliko mboga yoyote niliyowahi kuilipia mbegu.

Usiku ule nilisoma habari zake mpaka saa nane, na katikati ya hasira nikaanza kuipenda. Jina lake la kitaalamu, Cyperus rotundus, lilitolewa na mtaalamu wa mimea Linnaeus mwaka 1753. Mwaka 1977 LeRoy Holm na wenzake walichapisha kitabu kizima juu ya magugu mabaya kuliko yote duniani, na ndago wakaipa nafasi ya kwanza. Ya kwanza! Wenzangu mtaani wanafuga bata, mimi nina bingwa wa dunia nyuma ya jiko, anakunywa maji ya boza.

Ubingwa wenyewe uko chini ya ardhi. Yale majani ni sehemu ndogo tu ya mali yake. Kila shina lina kinundu chini yake, na kwenye kinundu hicho hutoka vijishina vyeupe vinavyotambaa udongoni. Kijishina kikienda kidogo huvimba kikawa kiazi cheusi chenye ukubwa wa njugu, kisha huendelea, huvimba tena, na tena, mpaka chini ya tuta kunakuwa na tasbihi ndefu ambayo hakuna shehe atakayeimaliza. Vingi vya viazi hivyo hukaa ndani ya sentimita 15 za juu, yaani pale pale linapofika jembe. Na hapo ndipo penye hila. Maadamu mlolongo haujakatika, chipukizi wa mbele ndiye mwenye amri, na amri yake kwa walio nyuma ni moja: laleni. Nao hulala, kila kiazi na macho yake yamefumba, wakimwachia yeye jua na mvua. Piga jembe sasa. Umekata mlolongo, amri haifiki tena, na kila kiazi kinaamka kikijiona mkubwa wa ukoo. Mbegu za juu ndago haizitegemei sana, maana nyingi hata hazioti. Inategemea viazi, na inamtegemea mwenye jembe.

Hebu rudia hapo. Inamtegemea mwenye jembe. Tangu shule ya msingi tumeimbiwa kupalilia: atakayevuna ni yule aliyepalilia mapema, akapalilia tena. Ni kweli kwa mchicha pori, ambao ukiung'oa kabla haujatoa mbegu umeumaliza. Kwa ndago, kumbe palizi ndiyo upanzi. Nilimlipa kijana akalitifua eneo lote kwa jembe, akatoka jasho, nikamwongezea na hela ya soda. Kabla wiki haijaisha pale palikuwa pamekolea kijani kuliko uwanja wa mpira. Yeye nimemlipa, mimi nani atanilipa? Na udongo wenyewe, ule "mweusi wa bustani" unaoletwa na kirikuu mpaka mlangoni, ndio uliokuja na viazi hivyo. Nilinunua ndago kwa bei ya samadi, na nikasaidia kuishusha.

Nikaenda duka la pembejeo. Muuzaji hakuniuliza ni gugu gani wala limeota kwenye mboga gani. Alitoa dumu uvunguni, akanimiminia dawa kwenye chupa tupu ya maji ya kunywa, akaifunga kwa kizibo chake cha bluu. Nikauliza kipimo.

"Vifuniko viwili kwa bomba, bosi."

Kifuniko kipi? Bomba la lita 15 au la 20? Nikauliza kama inaua ndago peke yake, akasema inaua kila kitu, kwa sauti ya mtu anayesifia bidhaa. Ilikuwa glaifoseti, na kweli haichagui: itakausha mchicha na kitunguu sawasawa na gugu. Ndago yenyewe itakauka juu, na kiazi kilichoshikana na jani kinaweza kufa, lakini vile vilivyolala havinyonyi kitu kutoka majanini, kwa hiyo dawa huvipita. Hayo tisa. Kumi ni ile chupa. Haina jina, haina onyo, haina tarehe, na ndani yake kuna kitu kinachoonekana kama sharubati, katika nyumba yenye mtoto anayefungua kila chupa anayoikuta mezani. Mtu aliyesomea kazi hiyo, mwenye leseni ukutani, aliona sawa. Sikuipulizia. Niliirudisha, akakataa kurudisha hela, akaimimina tena kwenye dumu mbele yangu ili amuuzie mwingine.

Mengine ni madogo. Kuku wa jirani, niliohakikishiwa kwamba hula magugu, walikula figili. Gugu la kishona nguo lilinipata na suruali ya harusini, nikaketi meza ya ndugu wa bwana harusi nikijichambua miguu. Nailoni nyeusi niliyotandika juu ya tuta ndago iliitoboa kwa ncha zake, ikatokea upande wa pili imesimama.

Kinachoishinda ndago ni kivuli. Inapenda jua la wazi, ikifunikwa hudhoofu. Viazi ukivifukua wakati wa kiangazi ukaviacha juani siku kadhaa, hukauka vikafa. Lakini bustani inayomwagiliwa haina kiangazi, kwa hiyo imebaki kufunika, na kinachofunika haraka kuliko vyote ni matembele. Nilipanda marando, yakatambaa, yakafunga ardhi yote, na ndago imepungua kweli.

Tatizo ni kwamba sasa tuna matembele. Tunayala kwa ugali, kwa wali, kwa nazi, kwa karanga, na juzi mke wangu aliyapika na dagaa akidhani hatutayatambua. Jana nilimsimamisha mama muuza mboga getini nimpe kwa bei ya jumla. Akatua beseni chini, akafunua kitambaa: matembele mpaka ukingoni.

"Baba Neema," akasema, "chukua mafungu mawili, nikuongeze la tatu bure. Leo hayatoki kabisa."

Nikachukua.