Mdhamini wa Tamthilia

Mshairi wa Ujiji akitaka kumsifu mtu huanza na bismillahi. Mimi muuza duka naanza kwa kushusha sauti, maana ninaotaka kuwasifu wamekaa hapo nje, hatua tatu kutoka kwenye mizani yangu, na wakisikia wanasifiwa wataongeza saa nyingine mbili.

Ni mashabiki wa tamthilia za zamani. Nasema mashabiki, sisemi watazamaji. Watazamaji wako tele: wana ving'amuzi, wana simu, huwaangalia Waturuki wa enzi za masultani wakizungumza Kiswahili kilichonyooka kuliko changu, kisha huzima wakalala. Hawa wangu hawatazami chochote. Kazi yao ni kukumbuka. Kila siku baada ya adhuhuri huja mmoja mmoja na kuketi kwenye benchi nililochongesha kwa ajili ya wasafiri, hapa Kidahwe, inapogawanyika barabara itokayo Kigoma, mkono mmoja ukienda Kasulu na mwingine Uvinza. Wasafiri husubiri gari wamesimama.

Wako wanne. Yupo shangazi yangu, ambaye ujanani alifanya kazi za ndani Mwanga, Kigoma mjini, katika nyumba yenye runinga. Yupo mama wa mawese. Yupo mke wa mwalimu mstaafu. Na yupo mzee fundi baiskeli, ambaye miaka yote hii husema amepita tu kuulizia gundi ya pancha. Salamu zao peke yake, zile za Kiha za kupiga makofi taratibu na kuulizana hali hadi ya mbuzi, humaliza robo saa. Ndipo shangazi hukohoa na kusema, "Hivi mnamkumbuka Barker?" Mchana wangu unakuwa umekwisha.

Fadhila zao ndogondogo nitazipita mbio. Hawali umeme: mkoa wetu uliishi kwa jenereta za dizeli miaka nenda rudi, na leo Kidahwe tuna kituo cha kupoza umeme chenye nguzo zinazoishinda michikichi yote kwa urefu, lakini tamthilia ya benchini haikukatika wakati ule na haikatiki sasa. Wanafundisha jiografia bila ada, hata watoto wa hapa wanajua kwamba Los Angeles ni mji wa washona nguo wanaoibiana michoro na waume. Wala hawana ubaguzi. Wamewalilia Wamarekani, Wameksiko, Wafilipino na Wachina kwa machozi ya ujazo uleule. Yatosha.

Fadhila iliyonishikisha kalamu ni kumbukumbu.

The Bold and the Beautiful ilianza huko Marekani Machi 1987 na mpaka leo haijakoma. Shangazi aliitazama miaka michache tu, tena akiwa amesimama mlangoni na ufagio, kwani kiti hakikuwa chake. Hata hivyo ukoo wa Forrester anao kichwani, mizizi na matawi. Anajua kwamba Brooke aliolewa na Eric baba yake Ridge, akaolewa na Ridge mwenyewe, akaolewa na Thorne nduguye Ridge, kisha akarudi kwa Ridge, akatoka, akarudi. Ndoa hizo huzihesabu kwa vidole, na vidole vikimwishia huazima vya mama wa mawese. Ukimuuliza Ridge alikuwa mtu wa namna gani hakujibu kwa maneno. Husukuma taya mbele na kukutazama kama anayekudai mahari.

Isidingo nayo, ile ya mgodi wa Horizon Deep wa Afrika Kusini tuliyokuwa tukiletewa na ITV, ilifungwa Machi 2020 baada ya zaidi ya miaka 20. Hapa benchini haijafungwa. Barker Haines bado anapanga hila na Cherel bado hajasamehewa. Desemba 2024 habari zilipofika kwamba Michelle Botes, aliyemwigiza Cherel, amefariki, benchi lilikaa kimya dakika nzima, dakika pekee ya namna hiyo ninayoikumbuka. Kisha mama wa mawese akauliza polepole, "Kuna aliyeuona mwili?"

Mzee fundi ni wa redio. Yeye ana Twende na Wakati, mchezo wa Redio Tanzania ulioanza Julai 1993, wakati Bara yote haina runinga na betri zikianikwa juani ili zipate roho ya nusu saa nyingine. Anamsimulia Mkwaju, yule dereva wa lori mwenye mwanamke kila kituo, hadi unaweza kusikia gia zikiingia; na mke wake Tunu, aliyechoka akaondoka akasimama kwa miguu yake. Mchezo ule ulikuwa na watafiti nyuma yake. Ili wapime kama unabadili watu, Dodoma ilinyimwa mchezo huo kuanzia 1993 hadi 1995, nchi nyingine ikisikiliza. Nakiri sijui matokeo ya muda mrefu ya kuwanyima watu wa Dodoma miaka miwili ya Mkwaju, ila ndiko tulikohamishia Serikali.

Mzee huyohuyo alifuatilia pia mchezo wa Kirundi, Umubanyi Niwe Muryango, uliotengenezwa Bujumbura na Studio Ijambo miaka ya 1990, majirani zetu wakiwa wanauana. Kiha na Kirundi vimenyonya titi moja, hakuhitaji mkalimani. Jina la mchezo ni kusema kwamba jirani ndiye ndugu. Akifika mahali jirani anapomficha jirani mwenzake, sauti humkwama, machozi humlenga, nasi sote hutazama chini. Koleo langu alilichukua mwaka juzi.

Samahani. Nilikuwa kwenye sifa.

Watu hawa hawahesabu miaka kama sisi. Mjukuu wa mama wa mawese alizaliwa juma alilorudi Taylor wa The Bold and the Beautiful. Mke wa mwalimu alihamia nyumba ya bati Stephanie wa hukohuko alipokuwa amekosana na Sally Spectra, jambo ambalo kwa kuwa lilitokea kila mwaka huipa tarehe hiyo upana fulani. Lakini siku ukiwabana hawakosei. Ndiyo maana napendekeza rasmi kwamba Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ivunjwe na kazi zake zikabidhiwe mabenchi. Kila kata benchi moja, la mninga, chini ya mwembe. Hakuna panya, hakuna mchwa, hakuna karani wa kukuambia mtandao uko chini. Kesi ya shamba la michikichi ikija, hakimu anaagiza benchi liletwe mahakamani na watu wake juu yake; shangazi anakohoa, anaanzia kwa babu wa mdai, na kufikia saa kumi mpaka umeonekana. Watakaopinga watasema benchi huchanganya mambo. Si kweli. Benchi halichanganyi, benchi huunganisha.

Na msidhani najitungia utukufu wao. Tarehe 25 Machi 2013 Rais Xi Jinping wa China, akihutubia Dar es Salaam, aliitaja kwa jina tamthilia ya Doudou na mama wakwe zake, iliyotiwa sauti za Kiswahili ikaoneshwa na TBC. Kiongozi wa watu zaidi ya bilioni moja, kwenye ukumbi mpya, mbele ya mabalozi, amemkumbuka mkwe wa mtu! Tofauti yake na shangazi ni kwamba yeye baada ya hapo aliendelea na ajenda nyingine.

Sasa nije kwenye sabuni. Wamarekani huziita tamthilia hizi za sabuni kwa sababu katika miaka ya 1930 wenye viwanda vya sabuni, Procter & Gamble wakiwa mbele, ndio waliozilipia redioni mchana, saa mama yuko na beseni lake. Kampuni inatoa fedha, mama anapata hadithi, sabuni inanunuliwa. Kidahwe mpango huo tumeupokea, ila umekaa kichwa chini. Sabuni tunayo sisi wenyewe, ya mawese, na mkoa huu uliifahamu kabla ya kumfahamu Ridge. Inanifikia kwa miche, nami naikata vipande. Hadithi ikifika mahali pake patamu, shangazi hugeuza shingo dirishani: "Nikatie kipande, baba. Uandike." Basi naandika. Mama wa mawese, ambaye mafuta yake ndiyo yaliyoizaa sabuni yenyewe, naye anakatiwa, anaandikiwa. Kwa hiyo mdhamini wa tamthilia ni mimi. Procter ni mimi, na Gamble ni mke wangu, ambaye juzi alilisoma daftari la madeni kuanzia mwanzo hadi mwisho na kuniuliza kama duka hili ni letu au ni la Brooke.

Maana hapa kumbukumbu ile tukufu huugua ghafla. Mtu anayekumbuka shela ya Brooke, ilivyokunjwa mabegani, hakumbuki kipande cha Jumanne. "Jumanne ipi, baba?" Shilingi 17,400! Za vipande! Na benchi limeanza kulegea mguu mmoja, na abiria wa Kasulu wanakwenda kununua maji ng'ambo ya barabara kwa sababu kwangu hakuna pa kupita, miguu ya watu wanne imetandazwa kama nyavu, na nikisema neno naambiwa nimsubiri Taylor azikwe kwanza!

Nilikuwa na hasira hiyo kifuani siku nilipokwenda kwenye mkutano. Sitasema ni mkutano gani wala ulifanyika wapi. Ni wa kamati moja niliyowahi kuichangia. Tulikwenda kusomewa mapato na matumizi. Mwenyekiti akasimama, akafuta jasho, akasema yeye kwenye kiti hicho ni mgeni, mwenzake wa mwanzo amehama, na faili hakulikuta.

"Ridge mpya," shangazi akanong'ona.

Niwafafanulie wasiojua. Ronn Moss aliyemwigiza Ridge kwa miaka 25 aliondoka mwaka 2012, na mwaka uliofuata akaletwa Thorsten Kaye, sura nyingine, taya nyingine, jina lilelile, mke yuleyule. Mashabiki waliambiwa wazoee. Wakazoea. Sisi tumezoea tangu zamani: kiti hakibadiliki, mtu anabadilika, na kila anayeketi anaanzia sehemu ya kwanza.

Katibu akasema kumbukumbu za vikao zimeliwa na mchwa. Ikasomwa karatasi moja iliyosalimika, orodha ya vibarua waliolipwa. Jina la tatu mama wa mawese akashtuka. "Huyo si marehemu? Si mimi niliyesonga ugali wa msiba wake?" Akajibiwa kwamba huenda ni jina la kufanana. Shangazi akatikisa kichwa kwa utaalamu. Taylor alikufa kwa risasi ya Sheila, akazikwa, akarudi. Lakini angalau Taylor kila aliporudi alionekana sura. Wafu wetu hurudi siku ya malipo tu. Mwaka 2016 Serikali yenyewe ilitangaza kwamba imewaondoa watumishi hewa zaidi ya 10,000 kwenye orodha ya mishahara, idadi ambayo Hollywood nzima isingethubutu kuiandika.

Ndipo shangazi akasimama. Hakupandisha sauti. Akataja mifuko ya saruji iliyoletwa, ilishushwa siku gani, nani alihesabu na nani aliweka saini. Akataja lori lililokuja usiku, turubai lake la buluu lililopasuka pembeni, na upande lilikoelekea. Akataja mchango wa kila kaya, hata kaya zilizolipa kwa kuku. Akataja ahadi, kwa mpangilio wake, na nguo aliyovaa mtoa ahadi. Ilimchukua kama dakika kumi na hakurudia neno. Sijawahi kumsikia akisimulia kitu kwa ufupi vile.

"Mama, kaa chini," mwenyekiti akasema. "Hapa tunataka maandishi, hatutaki hadithi. Kuna mwenye maandishi?"

Akatembeza macho ukumbini yakanifikia. Ninayo maandishi. Lori lile, kabla halijaondoka, dereva aliniamsha akanunua sigara na maji, na kwa kuwa alimtaja mwenyekiti huyuhuyu kuwa ndiye atakayelipa, niliandika: tarehe, saa, jina. Lipo kwenye daftari, ukurasa wake peke yake, chini ya mchele, sukari na mafuta ambavyo naye bado hajalipa, na ambavyo sijawahi kumdai kwa sauti kama ninavyomdai shangazi vipande vyake. Na kwenye kiti hakuwa mgeni kiasi alichosema. Kabla ya kuwa mwenyekiti alikuwa makamu.

Nikavua miwani, nikaanza kuifuta.

Kesho yake walikuja mapema. Salamu zilikuwa fupi. Barker hakutajwa. Shangazi akakohoa, akaanza na jasho la mwenyekiti, akapita kwa mchwa, akapita kwa marehemu, na abiria waliokuwa wakisubiri gari wakasogea wakamzunguka. Basi dogo la Kasulu lilipiga honi mara mbili likaondoka nusu tupu.

"Na mwenye duka?" mke wa mwalimu akauliza. "Hakuwepo?"

"Alikuwepo. Alikuwa anafuta miwani. Alianza kuifuta kwenye lori, akaimaliza kwenye dua ya kufunga."

Mzee fundi akaguna. Akalitoa koleo langu mfukoni, akalitazama, akalirudisha mfukoni.

Nilikuwa nimesimama nyuma ya mizani na mche wa sabuni mkononi. "Shangazi," nikasema, "huyo mwenye duka mwishoni anafanya nini?"

Akanitazama kwa muda. Shingo ikageuka dirishani kama kawaida yake.

"Hiyo ni kesho, baba. Nikatie kipande. Uandike."